Tupeane uzoefu: mara yako ya kwanza kuona wanamuziki kwenye TV ya rangi

Mleta uzi:
Wakuu salaam, na shikamooni wazee maana uzi huu ni wenu zaidi. Naanza mimi.

London 1972, nina miaka 9, mzee alikuwa anasoma kule na sisi tukamfuata. Nyumbani tuna TV ya chogo, picha kijivu tupu. Enzi zile Uingereza leseni ya TV nyeusi na nyeupe ilikuwa pauni 7 kwa mwaka, ya rangi pauni 12, mzee akasema hizo 5 za juu ni za kununulia watoto viatu. Mama mmoja Mjamaika ghorofa ya chini alikuwa na ya rangi, ya kukodi kama walivyofanya wengi, basi kila Alhamisi jioni mi nashuka kwake kuangalia Top of the Pops, kipindi cha muziki cha BBC. Kaka angu alikuwa na maringo, hashuki, anaangalia juu kwenye kijivu chetu.

Sasa tarehe 6 Julai akatokea David Bowie, nguo ya kubana mwili mzima ina rangi kama kanga kumi zimeshonwa pamoja, gitaa la buluu, nywele nyekundu yaani nyekundu kama moto, kamkumbatia mpiga gitaa wake shingoni. Nikapanda ngazi mbio kumwambia kaka nywele zile nyekundu, akasema we muongo, nimemuona kwa macho yangu jamaa ana nywele nyeusi. Tuligombana mpaka mama akatuchapa wote wawili. Kipindi kimoja, saa ileile, na kila mtu alikuwa na haki yake!

Haya, wengine leteni zenu.

babu_kikwajuni:
Marahaba mwanangu. Mie nilipelekwa Ujerumani Mashariki 1970 kusomea ufundi, si unajua Unguja na wale walikuwa marafiki khasa, hata zile nyumba za Kikwajuni wametujengea wao. Babaake rafiki yangu mmoja hapo Berlin akimiliki TV ya rangi, kitu adimu wakati huo. Jumamosi mchana tukikaa kimya, pazia tumeshusha, tukitizama Beat-Club, kipindi cha muziki cha Radio Bremen, ya upande wa pili wa ukuta, Ujerumani Magharibi. Kutizama huko hakukupendwa na wakubwa.

Kichekesho ni hichi. Mashariki walichukua mfumo wa rangi wa Kifaransa, SECAM, Magharibi wakatumia PAL. Kwa hiyo ukiweka stesheni ya chama, mkutano wa matrekta unauona kwa rangi zake zote, ukizungusha kwa wale wenye magitaa rangi inakimbia, unabaki na kijivu! Na Beat-Club ilikwisha ingia rangi tangu mkesha wa mwaka mpya wa 1970, nyuma ya wanamuziki wanaweka mawimbi na maduara ya rangi yanachemka, nasi hatuoni ila matope yanatikisika. Sauti lakini wallahi ilikuwa safi.

Nikarudi nyumbani katikati ya miaka ya 70, nakuta Unguja kuna Televisheni Zanzibar na ni ya rangi, ya mwanzo kusini ya Sahara! Nimekaa Ulaya miaka na sijawahi kumuona mwanamuziki kwa rangi kwenye TV, nimekuja kuona waimbaji wa taarab na nguo zao zinang'ara hapahapa kwetu. Mama akinishangaa, "kwani huko ulikotoka hakuna?"

upanga_ya_zamani:
Hahaha babu umeniua na matrekta.
Sisi Dar tulikuwa tunawadowea nyie wa Unguja, maana bara hatukuwa na kituo cha TV mpaka 1994. Miaka ya 80 baba mdogo alirudi safari na TV, tukafunga antena juu ya mwanzi mrefu, mmoja yuko juu ya bati anazungusha, wengine chini tunapiga kelele "hapohapo! umepitiliza! rudisha!" Taarab ilikuja na chenga, rangi inatokea kidogo mama mwimbaji anakuwa wa kijani, alafu inapotea. Bibi alikuwa anasema kijani kinampendeza.

bugaluu1970:
Mi sina TV ya rangi ya zamani ila nina kisa cha kaka yangu. Aliondoka Dar baada ya ile Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga vita mavazi ya kigeni, suruali za kubana zikawa kesi na muziki wa soul ukapigwa marufuku mjini 1969. Kafika Marekani anawasha TV Jumamosi anakuta Soul Train, watu wana afro kama miavuli, wamejipanga mistari miwili wanapita wawiliwawili katikati wanajimwaga, na mtangazaji wake Don Cornelius na sauti yake nzito anawatazama tu. Akaandika barua: "huku vitu vyote tulivyokatazwa viko kwenye kipindi kimoja."

Mleta uzi:
Nimecheka mpaka basi. Nimesahau kingine, Februari 1974 kwa Mama Mjamaika nilimuona Freddie Mercury na bendi yake Queen, ndo mara yao ya kwanza kwenye Top of the Pops. Hakuna aliyetuambia kwamba yule ni mtoto wa Unguja, yule Mgoa.

babu_kikwajuni:
Si Mgoa, ni Mparsi! Farrokh Bulsara, kazaliwa Unguja 1946.

Mleta uzi:
Nimesahihishwa, asante babu. Sasa nikuulizeni, nimetafuta mtandaoni zile Alhamisi zangu zingine na sizipati. BBC walikuwa wanafuta tepu ili warekodie vitu vingine, tepu zilikuwa ghali. Ile ya Bowie bahati ilibaki, nikamtumia kaka kwa WhatsApp. Amejibu leo asubuhi: "hizo wamezipaka rangi baadaye."