Kigoma: kesi za wizi wa simu zinafia kwenye makaratasi, wanunuzi wa mali ya wizi wanapeta

Wakuu, hizi kelele za "sheria iongezwe makali" kila simu inapoibwa zinachosha. Makali yapo! Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 265: wizi wa kawaida, hadi miaka 7. Ukichomolewa mfukoni ni kifungu cha 269, hadi miaka 10. Mtu akiwa na kisu au panga akakutishia na kukuibia, kifungu cha 287A, miaka isiyopungua 30.

Kesi inakufa mapema, pale hati ya mashtaka inapoandikwa "simu moja ndogo rangi nyeusi". Kata ya Mwanga yote hapa mjini ina simu nyeusi ngapi? Mahakama inataka mwenye mali aitambue kwa alama ambayo nyingine haina, na iliyokamatwa iwe ndiyo iliyotajwa kwenye shtaka. Alama hiyo ni IMEI, namba ya utambulisho ya simu yenyewe, tarakimu 15, na simu ya laini mbili inazo mbili. Piga *#06# leo, nakili, weka mbali na simu yenyewe. Ukienda kituoni kufungua RB (taarifa yako kwenye kitabu cha polisi), usisaini maelezo kabla hujaziona tarakimu hizo mle ndani. Wenye maduka nao, risiti ya "simu 1" bila IMEI mnatuumiza! Na hati ya ukamataji ijazwe palepale simu inapokamatwa, mashahidi wasaini. Ikijazwa kesho yake, wakili atauliza usiku kucha simu ilikuwa mikononi mwa nani, na hapo hakuna wa kumjibu.

Sasa huyu mnunuzi. Kifungu cha 311 kinampa hadi miaka 10 anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Simu imefungwa kwa nywila, haina boksi wala chaja, muuzaji hajui hata jina lililomo, bei ya kutupa. Fundi anayeipokea hiyo anataka sababu gani nyingine? Halafu kibaka analala rumande, fundi anageuzwa shahidi! Kubadilisha IMEI nako ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya 2010, lakini kazi hiyo inafanyika mchana kweupe.

Msijipe moyo kwamba simu "itafungiwa". Rejista ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inazuia IMEI kwenye mitandao ya hapa nchini. Ikipita Kibirizi kwenda Kongo, au Manyovu kwenda Burundi, ikatiwa laini ya huko, inaweza kupiga kama kawaida. Ndiyo maana kukaa siku tatu "ukiitafuta kimyakimya" ni kumsaidia mwizi.

Na ninyi walalamikaji mnaomalizana pembeni, mkishapewa simu hamwonekani tena mahakamani, shauri linaondolewa kwa kukosa shahidi, kibaka anarudi stendi wiki hiyohiyo.

Mwenye nakala ya hukumu ya 311 dhidi ya mnunuzi wa simu kutoka mahakama yoyote ya mkoa huu aiweke hapa, tuisome.