Shule inataka kishikwambi kwa mtoto wa miaka 6 "ajifunze kodingi". Naomba ushauri

Mama Wawili

Habari za jioni wakuu. Nina watoto wawili. Wa kike ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Wa kiume ana 4. Shule ya mkubwa imeleta tangazo: muhula ujao wanaanza klabu ya kodingi, yaani kuandika programu za kompyuta, ada elfu 60 kwa muhula, na kila mtoto aje na kishikwambi chake. Baba yao anasema tujibane tununue, asije akaachwa nyuma na wenzake. Mimi moyo unasita. Huyu mtoto akishika simu yangu kuangalia katuni, kumnyang'anya ni vita, na chakula hali. Nikimpa chombo chake mwenyewe itakuwaje?

Nimesikia kuna namna ya kuwafundisha misingi ya kompyuta bila kompyuta, kwa hadithi na michezo. Ni kweli, au ni maneno ya watu? Na kama ni kweli, mzazi ambaye hajawahi kuandika programu hata mstari mmoja anaanzia wapi? Niko Morogoro, nafasi yangu ni jioni nikishafunga duka. Vya kununua viwe vichache tafadhali.

Fundi wa Mifumo

Dada, hiyo ndiyo kazi inayonilisha, na ushauri wangu ni kwamba hela ya kishikwambi ikae kwanza. Kompyuta haijiongezi. Ukiiambia nusu inafanya nusu, ukiiambia upuuzi inafanya upuuzi. Mtoto anayeweza kutoa maagizo kwa mpangilio, na mambo yakiharibika akarudi nyuma kutafuta ni hatua gani iliyoharibu, huyo ameshaanza, hata kama hajawahi kuona kibodi.

Jaribu leo leo. Mwambie wewe ni roboti, yeye akuongoze kutoka mlangoni hadi kwenye ndoo ya maji. Maneno yanayoruhusiwa ni mbele, kulia na kushoto, basi. Akisema "nenda kule", simama tu. Roboti hajui kule ni wapi. Akisahau kukugeuza, endelea mpaka ugonge ukuta. Atacheka sana, kisha ataanza kufikiri. Akishazoea, achore safari nzima kwa mishale kwenye karatasi kabla hujainua mguu. Hapo ndipo penyewe. Kuelekeza mtu huku unamtazama kila mtu anaweza, lakini kuipanga njia yote kichwani, kisha ukakaa pembeni ukaona kama imefika, ndiyo kazi tunayofanya sisi ofisini.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1967 huko Marekani Seymour Papert na wenzake walitengeneza lugha ya kompyuta ya kufundishia watoto, Logo. Baadaye ikaja na kobe wa roboti au wa kwenye skrini, ambaye mtoto anamwamuru achore. Mtoto akikwama, Papert alitaka ainuke awe yeye kobe, atembee lile umbo kwa miguu yake. Mwambie wako atembee mraba sebuleni huku anataja anachofanya. Atajikuta anasema "mbele hatua tatu, geuka kulia" mara 4. Muulize: lazima uyaseme yote hayo mara 4? Usimjibu, mwache.

Kijana wa Ilala

Jamani mtoto wa miaka 6 mwacheni acheze. Sisi tulicheza rede na kombolela mpaka magharibi na leo tuna kazi. Kila kitu siku hizi mnakigeuza somo.

Mwalimu wa Awali

Kijana wa Ilala, hiyo rede yako uliiangalia vizuri? Wa katikati anajaza mchanga kwenye chupa, wa pembeni wanamlenga mpira. Anarudia kujaza mpaka chupa ijae. Kama mpira unakuja, anakwepa. Kama umempata, anatoka. Umeona "rudia mpaka" na "kama, basi" zimejaa humo? Hatugeuzi mchezo kuwa somo. Tunamuuliza mtoto swali moja akishamaliza kucheza: ungemfundisha mgeni asiyeijua rede, ungemwambiaje ili asikosee? Mwache ajieleze, kisha fuata maelezo yake neno kwa neno. Akisahau kusema kwamba aliyepigwa anatoka, baki katikati na mpira umekupata. Atakupigia kelele, na kanuni aliyoisahau ataiongeza mwenyewe.

Mleta mada, mimi nina darasa ambalo hata kwa ndoto siwezi kulipatia vishikwambi. Kuna mkusanyiko wa michezo uliotoka Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, unaitwa CS Unplugged. Tim Bell na wenzake waliuanza miaka ya 1990 na unapatikana bure mtandaoni. Ninaoupenda kuliko yote unachorwa kwa chaki uwanjani. Watoto 6 wanasimama kwenye mstari, kila mmoja na kikaratasi chenye namba, zimechanganywa. Wanatembea kufuata mistari niliyochora. Kila duara wanakutana wawili, wanalinganisha, mwenye namba ndogo anatoka kushoto, mwenye kubwa kulia. Wakifika mwisho wote wamejipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, na hakuna hata mmoja aliyeona namba za wote. Mara ya kwanza hawaamini, wanadai turudie. Mmoja akipinda njia isiyo yake, mwisho namba zinavurugika, na hapo watoto wenyewe wanaanza kesi ya kutafuta ilianzia kwenye duara lipi. Mimi nakaa kimya.

Kwa huyo wa miaka 4, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ndiyo bora. Kwake mpange picha tu. Kuamka, kupiga mswaki, kuvaa, kunywa uji. Changanya, apange. Kisha weka viatu kabla ya soksi uone kama atakukamata.

Babu Kete

Nami nitie langu, niko Unguja. Mmetaja New Zealand, na mimi nina bao barazani. Kwa mtoto usianze na namua na mtaji, zile hatua mbili za bao la wakubwa, utamchosha. Mpe bao la kujifunza, kila shimo kete mbili, mashimo 32, kete 64. Mwache azunguke upande wake mwenyewe. Kanuni ni hii: chota kete za shimo moja, tia moja moja mbele. Ya mwisho ikiangukia penye kete, chota zote uendelee. Ikiangukia patupu, umelala, mwenzio acheze.

Sasa mzuie mkono. Kabla hajachota, akwambie atalala wapi. Wajukuu zangu mwanzo walikuwa wanabahatisha. Siku hizi wanatazama, midomo inatikisika, kisha wanaonyesha kidole. Kijana wangu anayefanya kazi za kompyuta aliwaona akasema kwamba hata yeye anapoisoma programu kwa macho hufanya vilevile.

Na hadithi, msiziache. Sisi tulihadithiwa Goso, aliyekuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Buyu likamwangukia akafa, wanafunzi wakatoka kumsaka aliyeliangusha. Wakamkamata Kusi, ule upepo. Kusi akasema, ningekuwa na nguvu ningezuiliwa na kiambaza, yaani ukuta? Kiambaza naye anatobolewa na panya, panya analiwa na paka, paka anafungwa kamba, kamba inakatwa na kisu, kisu na moto, moto na maji, maji na ng'ombe, ng'ombe na inzi, inzi na paa, yule mnyama wa porini. Paa peke yake akakosa jibu. Kila mmoja mchoreeni kwenye kadi. Mtoto azipange sawa, kisha muibie moja, tuseme kamba, aone hadithi inakatikia wapi. Kama kifo cha mwalimu kinamtisha, buyu na limuumize bega tu.

Mama wa Kisauni

Shukrani Babu, hiyo ya Goso nitaitumia leo usiku. Huku kwetu Kenya mtaala wa kodingi wa shule za msingi na sekondari uliidhinishwa na taasisi ya mitaala, KICD, mwaka 2022. Kwa hiyo wasiwasi wa babake watoto naufahamu, huku wazazi wengi wanao. Lakini karatasi tu zatosha kwa mengi.

Wangu wa miaka 8 nilimkatia kadi tano, nikachora nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Kadi iliyofunuka ni 1, iliyofunikwa ni 0. Ukitaka 19, wafunua ya 16, ya 2 na ya 1, yaani 10011. Kadi tano zakufikisha 31, na herufi kutoka A hadi Z ni 26, kwa hiyo majina yote yaingia. A ni herufi ya 1, yaani 00001, S ya 19 ni 10011, H ya 8 ni 01000. Ametunga jina la rafiki yake Asha kwa shanga, nyeusi kwa 1 na nyeupe kwa 0, na sasa darasa zima wataka bangili zao.

Fundi wa Mifumo

Mama wa Kisauni, bangili nimeipenda, ila kwa wa miaka 6 mimi ningesubiri. Hizo kadi zinataka mtoto anayejumlisha bila kuhesabu vidole. Ukimwahisha atakariri 0 na 1 asijue zinatoka wapi.

Mama wa Kisauni

Si lazima ajumlishe. Mwanangu mdogo ana miaka 6, yeye azipindua tu huku ahesabu nukta moja moja. Yamchukua muda lakini afika. Mwache mama amjaribu, mtoto mwenyewe ataonyesha.

Mama Wawili

Jamani asanteni, sikutegemea haya. Roboti imefanyika. Nimegonga kabati, baba yao akagongeshwa ukuta, na sasa mdogo anataka kuwa roboti kila wakati, ingawa akiambiwa kushoto anaenda kulia. Kadi za Goso tumechora jana. Walipoficha moto, binti kasema kisu hakina wa kumshinda, "basi huyo ndiye aliyeangusha buyu." Nikaona kumbe anafuata.

Baba yao amelegea kidogo lakini bado anauliza: klabu tuiache kabisa?

Fundi wa Mifumo

Msiiache kabla hamjauliza. Nendeni mkamuulize mwalimu wa klabu watoto watakuwa wanafanya nini kwa kipindi kizima. Akiwaambia watatengeneza hadithi zao kwa vipande vya picha, kama ile programu ya bure ya ScratchJr ya watoto wa miaka 5 hadi 7, ni jambo la maana, na watoto wawili wanaweza kutumia chombo kimoja. Kwa umri huo wakibishana ndiyo wanajifunza. Akiwaambia watacheza magemu au watakariri sehemu za kompyuta, hiyo elfu 60 mnajua pa kuipeleka.

Kijana wa Ilala

Nimesoma uzi wote, nimenyoosha mikono. Babu, kete za bao kwa Dar zinapatikana wapi? Nina mpwa wangu.

Babu Kete

Kete ni mbegu za komwe, nenda ufukweni kwenye vichaka utaziona. Ukikosa, kokoto ndogo zinafaa. Na ubao si lazima, chimbeni mashimo chini. Safu nne, mashimo manane kila safu.