Vijiwe vyenye ncha shambani Kondoa: vya kutobolea au vipande tu?

Mwana_Kolo:
Wakuu, habari. Mvua zimekwangua udongo kwenye shamba la uwele chini ya majabali, upande wa Kolo, na vimejitokeza vijiwe vidogo vyenye ncha. Vingi ni kwatzi (jiwe gumu linalong'aa) nyeupe, urefu wa sentimita 2 hadi 4. Kimoja ni cheusi, kinang'aa kama chupa. Hapohapo kuna vipande vya ganda la yai la mbuni. Nitajuaje kama ncha ilichongwa makusudi ili kutobolea, na si kazi ya jembe au kwato za ng'ombe? Kile cheusi ni jiwe kweli? Jirani anashauri vioshwe kwa brashi ya waya kwanza.

Mchonga_Gumegume:
Usivioshe kwanza, mkuu. Sababu nitaitaja.

Watu wengi huangalia ncha, na hapo ndipo wanapopotea. Kwatzi ikipasuka yenyewe hutoa ncha kali kila mara. Angalia kingo mbili zinazokutana kwenye ncha. Kama mtu alizichonga, utaona makovu madogo ya kumegua yaliyopangana mfululizo, yanayokaribiana ukubwa, na yanaendelea hadi kwenye ncha yenyewe. Mara nyingi ukingo mmoja umemeguliwa kutoka upande wa juu na wa pili kutoka upande wa chini, hivyo ncha inakuwa nene, yenye pembe tatu au nne. Unene huo ndio unaoizuia isivunjike ikizungushwa. Ncha bapa na nyembamba kama wembe haifai kutobolea.

Kwato na jembe hutoa makovu yaliyotawanyika, mengine makubwa na mengine madogo, popote penye ukingo mwembamba. Kovu jipya la jembe pia huwa na rangi mbichi, wakati sehemu nyingine ya jiwe imefifia.

Kisha chukua lenzi ya kukuza mara 10. Kifaa kilichofanya kazi huwa na ncha iliyopungua ukali na kuwa mviringo kidogo, na huenda ukaona mikwaruzo myembamba inayoizunguka ncha badala ya kushuka nayo. Kwenye kwatzi alama hizi ni ngumu kuona kwa sababu jiwe linang'aa, kwa hiyo geuzageuza huku mwanga ukija kutoka ubavuni. Usipoziona, usihitimishe kuwa si chombo. Makovu ya kingo yana uzito zaidi.

Kuhusu brashi: kwenye ncha panaweza kubaki utomvu ulioshikiza mpini, au unga wa kitu kilichotobolewa. Brashi ya waya inaviondoa vyote na kuacha mikwaruzo yake yenyewe, ambayo baadaye itasomwa kama ya kale.

Bonde_la_Ufa:
Naongeza juu ya kile cheusi, maana huenda ndicho chenye habari kubwa kuliko vyote.

Chupa iliyovunjika ina mkunjo wa chupa, unene wake ni karibu sawa kila mahali, na mara nyingi ina viputo vya hewa. Obsidiani, yaani kioo cha volkano, haina mkunjo huo. Ukingo wake mwembamba ukiuelekeza kwenye jua hupitisha mwanga wa kijivu, kahawia au kijani. Upande uliopasuka utaona kitako kidogo kilipopigwa, uvimbe chini yake, na mawimbi yanayosambaa kutoka hapo. Tahadhari: chupa ikipigwa na jiwe nayo hutoa uvimbe na mawimbi, kwa hiyo alama hizo peke yake hazitoshi.

Kama ni obsidiani, ilisafiri. Katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, ilipatikana obsidiani iliyotoka maeneo ya Naivasha, Kenya, zaidi ya kilomita 300. Maabara ikipima kemia ya kipande inaweza kutaja hata mlima kilikotoka, bila kukivunja.

Shanga_na_Ganda:
Maganda ya mbuni yakiwa pamoja na vijiwe hivyo, tafuta shanga. Kisese II, pango la jabali hukohuko Kondoa, palipochimbwa na mwanaakiolojia Ray Inskeep mwaka 1956, pamepatikana shanga za ganda la mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Kagua kila kipande: tundu la milimita 2 au 3, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, ni la kupekecha. Mara nyingi walianzia upande wa ndani wa ganda. Usitupe vipande vilivyopasuka katikati ya tundu, maana vinaonyesha kazi ilifanyika hapohapo.

Anayetaka kuelewa kazi yenyewe ajaribu kwa kijiwe kipya, kamwe asitumie cha kale. Weka kokoto ya kwatzi juu ya fuawe la jiwe, ipige kwa jiwe jingine, uchague kibanzi kinene. Vaa miwani na barakoa, fanyia nje, kwa sababu vumbi lake linaharibu mapafu. Pasua kichwa cha kijiti cha sentimita 30 hivi, chomeka kibanzi, funga kwa uzi na nta, kisha pekecha kati ya viganja. Tobolea kombe la konokono au kifuu. Yai la mbuni ni nyara ya serikali, usilimiliki bila kibali. Kijiti kikiinama, ncha inakatika. Ukikandamiza mno, kombe linapasuka karibu na mwisho, kwa hiyo fika nusu halafu geuza.

Bonde_la_Ufa:
Na usivikusanye kwenye mfuko mmoja, mkuu. Piga picha kila kimoja kikiwa ardhini, na rula au sarafu kando, halafu picha ya shamba lote na jabali. Andika majiranukta ya GPS (namba za mahali hasa) kutoka kwenye simu. Usichimbe kabisa: kilicho chini bado kimekaa katika tabaka lake, na tabaka ndilo linalotoa umri. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu hivi, na kuviuza ni kosa. Peleka taarifa kwa ofisi ya Mambo ya Kale. Anza kwa kuuliza hapo Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006.

Mwana_Kolo:
Nashukuru sana. Kuna pia jiwe la mviringo, ukubwa wa ngumi, lenye tundu katikati. Lilitobolewa kwa vijiwe hivi?

Mchonga_Gumegume:
Hapana, ni vidogo mno. Jiwe la aina hiyo lilidonolewa kwa jiwe gumu kutoka pande mbili hadi matundu yakakutana, ndiyo maana katikati ni pembamba kuliko midomoni. Mengi yalivishwa kwenye mti wa kuchimbia mizizi ili kuuongezea uzito. Pitisha mwanga wa tochi ndani: vishimo vya kudonoa vikionekana, ndivyo lilivyotobolewa. Lipige picha lilipolala, kabla hujaligeuza.