Dawa ya pili sasa na sonona bado ipo. Yaliyonipata utotoni yanahusika?

Zamoyoni:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Natibiwa sonona. Dawa ya kwanza niliimeza bila kuruka, mpaka daktari mwenyewe akaona haisaidii akanibadilishia. Hii ya pili imenirudishia hamu ya kula, basi. Asubuhi bado naamka mwili mzito, na vitu nilivyokuwa navipenda havina ladha. Juzi daktari kataja "sonona sugu", nimerudi nyumbani nimenyong'onyea.

Kilichonileta ni hiki. Baba yangu alikuwa akirudi amelewa, mama anapigwa, nami nikijitokeza napata yangu. Hadi leo mume wangu akiingiza ufunguo mlangoni, mabega yananipanda kabla sijakumbuka kuwa ni yeye. Kliniki wameniuliza usingizi, chakula, kama nawaza kujiua. La baba hawajauliza, nami sijasema. Linaweza kuwa ndilo linaloikwamisha dawa, au natafuta mchawi?

Nesi_Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Hutafuti mchawi.

Kwanza hilo jina lisikutishe. Huitwa sugu pale dawa angalau mbili, kwa dozi na muda wa kutosha, zisipofanya kazi. Haina maana haitibiki. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D, uliotoa matokeo 2006, ulikuta dawa ya kwanza imewaondolea dalili theluthi moja tu ya wagonjwa. Kwa hiyo mpo wengi. Daktari aangalie pia dozi, homoni za tezi ya shingo, na pombe kama ipo.

Sasa la baba. Mtoto anayelala huku anasikiliza hatua za mtu, mwili wake huzoea kukesha hata akiwa kitandani. Mfumo unaotoa kotisoli, homoni ya hofu na mikikimikiki, kwa baadhi ya watu haurudi sawa hata ukubwani. Unaweza basi kuwa na sonona na kiwewe, yaani jeraha la moyo linalobaki baada ya mambo ya kutisha, kwa pamoja. Kukosa usingizi, ganzi ya moyo, kujitenga: zote zipo huku na huku, na asiyeuliza ataziandika zote sonona. Lakini mabega kupanda kwa sauti ya ufunguo? Hiyo ni ya kiwewe, na ndiyo daktari wako hajaisikia.

Tena inabadilisha tiba. Mwaka 2003 mtafiti Nemeroff na wenzake walichapisha matokeo ya watu 681 wenye sonona ya muda mrefu. Kwa walioumizwa utotoni, tiba ya mazungumzo peke yake ilizidi dawa peke yake.

Jiwe_Kuu:
Kwa heshima zote nesi, hapa kila mtu atapata kisingizio. Wangapi tulichapwa na tumekuwa watu?

Nesi_Mstaafu:
Wapo, na wapo waliovuta sigara wakazikwa na wajukuu. Halafu, kuchapwa kwa kuvunja sahani na kuona mama anaburuzwa usiku usiviweke kapu moja, ndugu yangu. Ila nawe una kipande cha haki: yaliyopita hayamfungii mtu mlango. Uchambuzi uliotoka 2022 ulikusanya wagonjwa zaidi ya 6,800. Walioumizwa utotoni walianza wakiwa na hali mbaya zaidi, lakini tiba iliwasaidia kwa kiasi kilekile.

Mkia_wa_Taa:
Dada, mimi nilipelekwa kwenye tiba iitwayo EMDR. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa kiwewe mwaka 2013. Mtaalamu anapeleka kidole huku na huku, unakifuata kwa macho huku umelishika lile tukio akilini. Nikasema hiki ni kiini macho kweli. Mwanzoni ndoto zilizidi na hakuna aliyenionya, nawe ujue. Baadaye tukio likawa la zamani, si la jana. Dawa bado nameza, ila sasa naona kazi yake.

Zamoyoni:
Asanteni. Nitamwanzaje daktari? Nikifungua mdomo tu nalia.

Nesi_Mstaafu:
Basi usianze kwa mdomo. Andika mistari mitatu: baba alikuwa akifanya nini, ufunguo unakufanya nini, na "naomba nipimwe kiwewe." Mpe karatasi ukikaa tu, kabla hajauliza usingizi. Si lazima usimulie yote siku hiyo, na mtaalamu mzuri hatakulazimisha. Dawa usiiache kienyeji, ukiikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu na hali inaweza kurudi nyuma. Na mawazo ya kujiua yakija, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, mume akusindikize.