Tupeane uzoefu: zawadi za kusoma vitabu zilikujenga au zilikuharibu?

Mzazi wa Uyole: Wakuu, shule ya mtaani kwetu imetangaza kwamba mwanafunzi atakayesoma vitabu vingi zaidi muhula huu atapewa begi na madaftari. Tangu hapo mwanangu wa darasa la nne haulizi tena kitabu kinahusu nini, anauliza kina kurasa ngapi. Waliopitia mashindano haya watueleze yaliwafikisha wapi.

Binti wa Njombe: Umenikumbusha mbali. Kwetu vitabu vya hadithi vilifungiwa kabatini, ofisini kwa walimu, vikiwa vipya kabisa kwa sababu ilihofiwa tungevichakaza. Mwalimu mkuu mpya alipolifungua kabati na kuahidi zawadi, nilisoma kwa mwanga wa koroboi katika baridi ya Juni, wadogo zangu wakilalamikia moshi, mpaka nikavimaliza vyote. Nilipoitwa mbele ya mstari, mwalimu mmoja alisema kwa sauti kwamba mtoto wa muuza ulanzi hawezi kuwa amesoma vyote vile, akachukua kimoja na kuniamuru nikisimulie. Nikasimulia. Akachukua cha pili, kisha cha tatu, nami nikasimulia huku machozi yakinitoka na shule nzima ikinitazama. Zawadi alipewa mwingine.

Mdau wa Mafinga: Pole sana, dada. Kabati la namna hiyo hata kwetu lilikuwapo.

Mwalimu mstaafu, Tukuyu: Haya ndiyo ninayoyapinga. Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett wa Marekani walichapisha utafiti juu ya watoto wa chekechea waliopenda kuchora: walioahidiwa cheti ili wachore, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Zawadi ziondolewe.

Fundi wa Mwanjelwa: Kwa heshima zote, mwalimu, watoto wale walikwisha kupenda kuchora. Mtoto ambaye hajawahi kushika kitabu cha hadithi atapoteza hamu gani? Hukohuko Marekani, Pizza Hut ilianza mwaka 1984 kuwapa piza watoto wanaotimiza lengo la kusoma. Mimi nilianza kusoma kwa kutamani kalamu, na mpaka leo sijaacha.

Mwalimu mstaafu, Tukuyu: Wewe uliendelea, fundi. Walioacha hawamo humu kujieleza.

Mdau wa Mafinga: Tumwache kwanza dada amalizie. Ulirudia kusoma?

Binti wa Njombe: Nilirudia, ila si shuleni. Bibi yangu alijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, lakini macho yalikuwa yamefifia, kwa hiyo kila jioni alitaka nimsomee, akinirudisha nyuma kila nilipokwenda harakaharaka. Hakunipa chochote. Hata sasa nikisoma riwaya peke yangu natamka maneno.

Mama wa Ilula: Mzazi mwenzangu, mpeleke mtoto maktaba ya mkoa hapo Mbeya mjini, achague mwenyewe, na hilo shindano mwachane nalo.

Fundi wa Mwanjelwa: Asiachane nalo, mama. Begi ni gharama, na mtoto akishinda ni haki yake.

Mwalimu mstaafu, Tukuyu: Kama shule haitaki kulifuta, basi mwombe mwalimu wa darasa ahesabu hadithi ambazo mtoto anaweza kuzisimulia, wala si kurasa.

Binti wa Njombe: Asimulie darasani au nyumbani, mwalimu wangu. Mbele ya mstari, hapana.