Kuvuta tela dogo kwa Toyota IST: chuma cha kufunga kwa bolti, cha kuchomelea, au kukodi kirikuu?

Mkulima_Soni
Wakuu, salaam. Niko Soni, Lushoto. Nina IST ya 2004, injini ya 1.3, gia otomatiki. Nataka kushusha mboga zangu mwenyewe hadi Mombo: kabichi, karoti, na matenga machache ya nyanya kila wiki. Tela ninalo, la ekseli moja, halina breki. Likiwa tupu lina kama kilo 130, na mzigo nitakaopakia hautazidi kilo 250.

Njia naona ziko tatu. Ninunue chuma cha kiwandani cha kuvutia tela, kinachofungwa kwa bolti, nikifunge nyumbani, maana drili, jeki na stendi ninazo. Au nimpelekee fundi wa kuchomelea achonge cha kwake. Au niache kabisa, niendelee kukodi kirikuu, kile kipikapu kidogo cha mizigo. Bei najua kuulizia mwenyewe, ninachotaka kwenu ni usalama na uimara. Barabara ya Mombo mnaijua.

FundiBodi
Mkuu, kabla ya kulinganisha vyuma, ingia chini ya gari. IST haina chesisi kama Hilux. Bodi nzima ndiyo inayobeba, na kule nyuma kuna reli mbili za bati lililokunjwa kama boksi, moja kila upande, zinapita chini ya sakafu ya buti. Hizo reli ndizo pekee zenye nguvu ya kuvuta. Sakafu ya buti ni bati jembamba, bampa ni plastiki, na kile kipande cha chuma nyuma ya bampa kimewekwa kupokea kishindo cha kugongwa. Mtu akikuambia atafunga kwenye kipande hicho peke yake, mshukuru uondoke.

Sasa kuhusu kuchomelea. Mimi ni mchomeleaji kwa kazi, na nasema usichomelee chuma cha kuvutia moja kwa moja kwenye reli za bodi. Lile bati ni jembamba na limetibiwa kiwandani dhidi ya kutu. Moto wa welding unaondoa ile tiba kwa ndani, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki, na kando ya mshono bati linakuwa gumu na rahisi kupasuka. Mzigo wa tela si wa kuvuta tu. Kila ukipita tuta chuma kinasukumwa chini, kinarudi juu, mara maelfu. Ufa unaanzia pale pale kando ya mshono na huuoni mpaka umekuwa mkubwa. Ongeza kwamba tenki la mafuta liko chini ya kiti cha nyuma, na nyaya na zulia la buti viko juu ya cheche zako.

Kwa hiyo fundi achomelee, lakini achomelee chuma chenyewe kikiwa mezani. Kwenye gari kifungwe kwa bolti. Hapo njia yako ya kwanza na ya pili zinakutana.

Na hili ndilo linalokosewa zaidi: ukitoboa reli ukapitisha bolti juu hadi chini na kuikaza, boksi linabonyea. Likisha kubonyea, bolti inalegea yenyewe siku chache baadaye kwa sababu bati linaendelea kukunjana. Dawa yake ni kukata vipande vya bomba nene vyenye urefu sawasawa na kimo cha boksi, unaviingiza ndani ya reli, bolti inapita katikati ya bomba. Ukikaza, nguvu inabebwa na bomba. Juu na chini weka bamba la milimita 5 au 6, si washa tupu. Bolti za milimita 12, zenye alama ya 8.8 kichwani, mbili au tatu kila upande. Ukaze kwa spana ya kupimia nguvu, kama nyutonimita 80 kwa ukubwa huo. Kila tundu ulilotoboa lipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga. Safari ya kwanza yenye mzigo ikiisha, lala chini ukaze upya.

Kilifi_Maji
Hamjambo nyote. Mimi niko Kilifi, navuta tela la mashua ndogo kwa Mazda Demio. Chuma changu kilichongwa na fundi wa hapa, kikafungwa kwa bolti kama alivyosema FundiBodi, na kimenifaa. Faida ya fundi ni kwamba anapima gari lako lenyewe, hakisii. Hasara ni kwamba hakuna karatasi inayosema chuma kinabeba kilo ngapi. Ukienda kwa bima watakuuliza hilo, na ukipata ajali bila kuwaarifu kwamba unavuta tela utajibizana nao peke yako.

Mwambie fundi asiunganishe mkono wa kichwa, yaani ile tufe ya chuma ambayo kikombe cha tela kinakaa juu yake, kwa mshono mmoja tu wa ncha kwa ncha. Aweke pembetatu za kuimarisha pande zote mbili. Na simama hapo uone mshono ukipigwa, usiende kunywa chai.

Leicester_Mbali
Salaam kutoka Uingereza. Huku gari lililosajiliwa tangu Agosti 1998 halifungwi chuma ambacho hakijaidhinishwa kwa gari hilo hilo, ndiyo maana vya kiwandani vimejaa kwenye yadi za magari yaliyokatwa. Ila mkuu, usikimbilie kuagiziwa cha Yaris ukidhani kitaingia kwa sababu ni ndugu. Umbo la nyuma la IST ni tofauti, na IST hiyo haikuuzwa Ulaya. Marekani ndiko iliuzwa, kwa jina la Scion xA, miaka ya 2004 hadi 2006. Ukitafuta cha kiwandani tafuta kwa jina hilo.

Hapo kuna mtego. Huku Ulaya kichwa cha mviringo kina kipenyo cha milimita 50. Marekani wanapima kwa inchi, na cha magari madogo mara nyingi ni inchi 1 na 7/8, yaani milimita 47.6. Kikombe cha tela cha milimita 50 kitafunga juu ya kichwa hicho, kitaonekana kimekaa, kisha kwenye tuta kinaruka. Cha inchi 2 nacho ni milimita 50.8, kitabana kikombe cha 50 na huenda kisifunge hadi mwisho. Kikombe cha tela lako kina namba iliyogongwa juu yake, isome kwanza halafu ndipo ununue kichwa.

Kanuni moja ya huku inafaa popote: tela lisilo na breki lisizidi nusu ya uzito wa gari tupu, na kwa vyovyote lisizidi kilo 750. IST yako ina tani moja na kidogo, na tela lako na mzigo ni 380. Umo ndani ya nusu, ila hiyo ni kanuni ya barabara za huku. Mteremko wenu ni habari nyingine.

Dereva_wa_Usambara
Hapo ndipo nilipokuwa nasubiri. Nimeendesha Mombo hadi Lushoto miaka mingi, ni kilomita kama 33 za kona juu ya kona, na kutoka kwako Soni kushuka Mombo ukuta uko upande mmoja na korongo upande wa pili. Mnazungumza kuvuta, wakati kazi kubwa ya Mkulima ni kuzuia. Breki za IST zilitengenezwa kusimamisha IST na watu wake. Unaziongezea kilo 380 ambazo hazina breki yao wenyewe, zinakusukuma mgongoni kwenye kona.

Kama utashuka, weka gia ya 2 au L kabla mteremko haujaanza, si katikati yake. Kitufe cha O/D, kinachozuia gia ya juu kabisa, peke yake hakitoshi. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha achia kabisa zipoe, usizishikilie mguu mwepesi njia nzima. Mafuta ya breki ya zamani yanafyonza maji na yakichemka pedali inazama, kwa hiyo badilisha yote kabla ya safari ya kwanza. Kupanda na tela tupu hakuna shida, ila angalia mafuta ya gia. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, gia imeshaanza kuchoka.

Mimi kura yangu ni kirikuu kwa siku za mvua, IST kwa siku kavu na mzigo nusu. Sioni aibu kusema hivyo.

Mkulima_Soni
Nashukuru sana, Dereva. Hilo la kuzuia sikuliona likisemwa popote nilipouliza. Swali: mzigo niupange vipi ndani ya tela? Na taa?

FundiBodi
Mzigo mzito, kabichi, uwe juu ya ekseli, ukiegemea mbele kidogo. Usiweke nyuma ya ekseli hata kama nafasi ipo, maana tela lenye mkia mzito linaanza kuyumba, na likiyumba mteremkoni linazidi kila sekunde. Chukua mizani ya kupimia watu, weka gogo juu yake, laza pua ya tela hapo kwa kimo kile kile cha kichwa cha gari, tela likiwa sawa na ardhi. Kwa kilo 380 nataka pua isome kati ya 25 na 40.

Usizidishe vilevile. Kichwa kiko kama sentimita 80 nyuma ya ekseli ya nyuma, na urefu kati ya ekseli za IST ni sentimita 237. Kilo 40 puani zinaongeza kama 53 kwenye matairi ya nyuma na kuondoa kama 13 mbele. Gari lako linavuta kwa mbele, kwa hiyo ukijaza pua kupita kiasi utaona tairi zinateleza ukianza kupanda kwenye udongo.

Kilifi_Maji
Taa nitajibu mimi, maana maji ya chumvi yamenifundisha. Tumia soketi ya pini 7. Mpangilio wake wa kawaida ni huu: 1 indiketa ya kushoto, waya wa njano, 3 asi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi), mweupe, 4 indiketa ya kulia, kijani, 5 taa ya nyuma kulia, kahawia, 6 breki, mwekundu, 7 taa ya nyuma kushoto, mweusi. Namba 2 ni ya taa ya ukungu, yako iache wazi. Asi usiitegemee ile ya kichwa kugusana na kikombe, ina grisi. Pitisha waya wake mwenyewe hadi kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi.

Waya wa gari usiukate, wala usitumie vile vibanio vinavyochoma ganda. Menya kidogo, zungushia, tia solda, funika. Ukiongeza balbu ya wati 21 kila upande, relei ya indiketa huenda ikabadilisha mwendo wa kupepesa, badili relei. Balbu za LED kwenye tela hazibebeshi waya mzigo mkubwa.

Leicester_Mbali
Na mnyororo wa usalama jamani, hakuna aliyeutaja. Upite chini ya pua, ufungwe kwenye chuma kilichobanwa kwa bolti, usifungwe kwenye kichwa chenyewe.

Mkulima_Soni
Nimeelewa. Namtafuta fundi achonge mezani, nakuja kufunga mwenyewe na mabomba ndani ya reli, mafuta ya breki yanabadilishwa kwanza. Masika nakodi kirikuu. Tela langu halina namba ya usajili, lilikuwa la shambani.

Dereva_wa_Usambara
Basi anzia TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya fundi. Barabarani tela linahitaji usajili na namba yake lenyewe, haliazimi ya gari. Na taa ya kuangazia hiyo namba usiku iwekwe wakati huo huo unapofunga nyaya, ili usirudi kufungua soketi.