Haiba na ubongo: picha za MRI za watu 30 zinatosha?

Msomi_Moshi
Wakuu, salaam. Naandaa utafiti wa shahada hapa Moshi: kuhusisha ukubwa wa sehemu za ubongo na zile sifa tano kuu za haiba (uwazi wa mawazo, umakini, uchangamfu, upole na wepesi wa wasiwasi). Bajeti inabeba MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) za watu 30 wazima. Watatosha?

Takwimu_Njiro
Hawatoshi, mkuu. Uhusiano wa sifa moja ya haiba na kipimo kimoja cha ubongo huwa mdogo, tuseme r ya 0.1 (r ni kipimo cha uhusiano: 0 hakuna, 1 kamili). Kuunasa kwa uhakika wa asilimia 80 unahitaji watu karibu 780. Ukiwa na 30, r haikubaliki kitakwimu mpaka ifike 0.36, kwa hiyo utakachokipata kitakuwa kimekuzwa kuliko ukweli au ni bahati tu. Tena ukigawa ubongo sehemu 68 ukazidisha kwa sifa 5, hayo ni majaribio 340. Kwa kigezo cha 0.05, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara 5 kwa 100, kama 17 yatang'aa hata pasipo na kitu. Mwaka 2022 jarida la Nature lilitoa uchambuzi wa picha za watu wapatao 50,000: tafiti za aina hii zinataka maelfu.

Daktari_wa_Neva
Geuza swali: ubongo ukiumia, haiba inabadilikaje? Majeruhi wa bodaboda tunao, Moshi hata Arusha.

Sakafu ya fuvu, juu ya macho, ina matuta makali ya mfupa. Kichwa kikigonga lami, hata kwa kisogo, ubongo huserereka juu ya matuta hayo na upande wa chini wa lobu ya mbele unachubuka. Hapo ndipo pana breki ya maneno na matendo. Mtu anatembea, anahesabu chenji vizuri, lakini nyumbani wanasema huyu siye. Ndiyo ile habari ya Phineas Gage, mjenzi wa reli Marekani, 1848, aliyepenywa fuvu na nondo ya kilo 6 akapona, ila watu wakasema haiba yake imebadilika.

Usimtegemee majeruhi peke yake, wengi hawalioni badiliko lao. Ndugu anayeishi naye ajaze dodoso wiki ya kwanza, akieleza alivyokuwa kabla; arudie baada ya miezi 6. Na tafadhali weka kundi la waliovunjika mguu bila kuumia kichwa. Maumivu na kukosa kazi navyo hubadili mtu. Bila kundi hilo utausingizia ubongo.

Msomi_Moshi
Shukrani sana. Ridhaa je, kama fahamu haijatulia?

Daktari_wa_Neva
Ndugu asaini kwanza. Akitulia, muulize upya mwenyewe. Akikataa, futa taarifa zake.

Takwimu_Njiro
Angalia pia sentensi za kukanusha kwenye dodoso. "Mimi si mtu wa hasira": mwingine anajibu "hapana" akimaanisha hana hasira, nawe unamhesabia anayo. Andika "Nachelewa kukasirika", kisha jaribu kwa watu 20 kabla ya kuingia wodini.